Jibu kwa Mideva

Umeniuliza, Mideva, uandike kipi kwanza:
tamthilia ya kushindania zawadi kule Kisumu,
kitabu cha watoto ambacho mchapishaji kakipenda,
au lile daftari la jalada la buluu
lililonyamaza chini ya godoro tangu msiba wa dada yako.

Sina ufunuo. Nilikuombea Jumapili
katika kanisa letu la Marafiki, hapa Kaimosi,
ule wakati wa kimya, kwaya ikishaketi,
kabla ya matangazo ya harambee ya paa.
Nilitarajia neno. Nikasikia mvua ya mawe
ikitoka upande wa Shamakhokho, ikapanda mabati yetu,
na mtoto mmoja akacheka.
Basi.
Nikarudi nyumbani viatu mkononi.

Njiani ndipo nilipogutuka:
mbele za Mungu nilivitaja viwili kwa majina,
kwa sauti ya karani anayesoma orodha.
Cha tatu nilikiruka.
Woga wako umeniambukiza, dada,
maana katika kurasa nne za barua yako
hicho umekipa mstari mmoja,
nao umeufuta, kisha ukaurudisha pembeni
kwa herufi za kusomwa na mchwa.

Msimu uliopita nilipanda mahindi, mbegu mbili kila shimo.
Yakaota yote. Nikashindwa kupunguza;
niliona dhambi kung'oa kilichokubali kuota.
Nilivuna magunzi, Mideva. Gunia zima la magunzi.

Kwa hiyo ng'oa. Hutakuwa umemrudishia Mungu zawadi yake.
Tamthilia ina wenyewe wengi.
Kitabu cha watoto kitangoja, watoto hawaishi kuzaliwa.
Lakini nani mwingine aliyemwona Kageha
akimimina chai kwenye kisahani, akiipuliza,
akisema hata Bwana alipumzika, nyinyi mwakimbilia wapi?

Wala usingoje amani kwanza.
Mimi ilinijia ukurasa wa arobaini,
ikakaa kama mgeni mwenye haraka,
ikaniachia kikombe cha kuosha.
Niliendelea kuandika. Sikujua la kufanya lingine.

Ndani ya bahasha kuna kalamu mbili
na mia mbili za tokeni; stima ya huko Mbale naijua.
Huenda nimekosea. Nitaendelea kuomba,
na safari hii nitalitaja.

Inua godoro.