Vipimo vya Egesa

Mara ya kwanza, kibandani kwangu Busia,
mtaa wa Sofia, nyuma ya foleni ya malori,
kiuno chake kilikuwa inchi ishirini na nane.
Niliandika katika daftari la madeni:
Egesa, suruali moja, nusu kalipa.
Alikuwa akivusha sukari usiku kwa baiskeli,
magoti yananuka grisi na umande.

Thelathini na mbili, akaja na begi.
"Fundi, lipe tumbo la pili."
Nikalipa.

Thelathini na sita, watu wakamwita Mzee
na mvi hana hata moja.
Ghorofa la vioo vya buluu. Kengele mpya ya kanisa.
Ofisa wa forodha, akimwona tu,
alianza kutafuta kalamu
iliyokuwa sikioni mwake.
Mabegi yakaja kumi kumi.
Nilinunua cherehani ya umeme, mke wangu friji.
Unga tuliousaga tuliujua bei;
huu wa kwake haukuwahi kuona sufuria,
nami sikuuliza.

Arobaini na nne. Futi kamba mkononi,
nilimzunguka kama mtu anayepima mvule.
"Pumua, Mzee."
"Nimeshapumua, fundi. Ongeza kitambaa."

Kisha Sifuna, kijana wa jirani,
akaenda Entebbe na begi lenye mshono wangu.
Kifundo changu hufungwa mara tatu, upande wa kushoto.
Kwenye runinga walilionyesha limepasuliwa,
nikakitambua kifundo
kabla sijamtambua mtoto.

Egesa walimkuta kwa kinyozi,
kichwa kimenyolewa nusu.
Kesho yake hakuna aliyewahi kula kwake.
Ofisa alipata kalamu, akaandika kurasa tisa.
Kengele bado inalia kila Jumapili,
na padri hasemi ni ya nani.

Mahakamani alisimama katika sare ya njano
ambayo hakuna fundi aliyeipima,
mshipi wamemnyang'anya, ameishika suruali kwa mkono.
Jicho langu halijui kustaafu:
ishirini na tisa, labda pungufu.
Alinitazama. Hakunitaja.
Hilo nalo ni deni, na daftari halina safu yake.

Jana mama Sifuna alileta gauni, nilipunguze.
Limemlegea kote.
"Ni kiasi gani, fundi?"
Nilisema hakuna kitu.
"Kwa nini? Mimi hulipa."
Nikainamisha kichwa kwenye sindano,
nikafunga kifundo
mara mbili tu.