Funguo Mbili

Kazi yangu Kilindini ilikuwa kuhesabu makontena,
kalamu nyuma ya sikio,
na penye upungufu nilioulipiwa nisiuone
niliandika: sawa.

Ushuhuda wangu wa kwanza, uwanjani Tononoka,
ulikuwa mfupi: Nilikuwa naiba kwa kalamu. Nimeacha.
Wakapiga vigelegele.
Vilikuja upesi mno vigelegele vile,
kana kwamba dhambi ikishatajwa hadharani huwa hadithi,
na hadithi haidai mtu deni.

Miaka kumi na mmoja baadaye, Mikindani,
kanisa letu la mabati, joto la tanuri,
wakanipa kisanduku cha sadaka na ufunguo wake.
Mmoja. Nikauvaa shingoni kwa uzi wa kiatu.
"Mtu aliyehesabu meli," akasema Mchungaji Kadzungu,
"atashindwaje na sarafu zetu?"

Sarafu zenu ningezitambua gizani.
Noti za Mama Mkamburi zanuka mafuta ya viazi karai.
Za Wanje muuza maji huja zimelowa, hukauka zimejikunja.
Na ile shilingi ishirini ya mtoto wa benchi la nyuma,
kila Jumapili, bado ina joto la kiganja.

Mwezi wa tatu Mghoi, mke wangu, alilazwa.
Daktari alitaja kiasi usiku wa Jumatano.
Mfuko wa paa ulikuwa na elfu sitini na mbili.
Nilichukua elfu thelathini na nane na mia nne.
Mkono haukutetemeka;
hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Nilizirudisha zote, wiki sita, hadi senti.
Mghoi akapona, akarudi kwenye mahamri yake.
Daftari likalingana. Nani angejua?
Mvua ya Mei ikaingia kwa matundu yaleyale,
ikamdondokea Wanje begani akiwa amepiga magoti,
naye akasogea kidogo, akaendelea kuomba.

Kusogea kule ndiko kulikonivunja.

Jumapili ya hesabu nilisoma mapato, nikasoma matumizi,
kisha nikasoma mstari usiokuwepo kwenye karatasi:
tarehe, kiasi, jina langu.
Hakuna aliyepiga kigelegele.
Msikiti wa jirani ukaadhini adhuhuri,
tukangoja umalize, kama tufanyavyo siku zote.
Mchungaji akafungua kinywa, najua alitaka kusema "tumsamehe"
haraka, kama afunikaye sufuria iliyoungua.
Mama Mkamburi akainua mkono wenye kovu la mafuta.
"Kwanza asome tena. Polepole. Mle mna changu."
Nikasoma tena.
"Ungebisha hodi," akasema Wanje. "Tungechanga."

Siku ile sikusamehewa. Niliulizwa maswali hadi saa tisa.
Kwa nini ufunguo ni mmoja?
Na wewe, Mchungaji, daftari uliliona lini mara ya mwisho?
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.
"Sijawahi. Niliogopa aone simwamini."
Basi tukawa wawili mbele ya hesabu.

Msamaha ulikuja baadaye, bila neno,
sahani ya viazi karai, chumvi imezidi.

Sasa kisanduku kina kufuli mbili.
Ufunguo mmoja uko kwa Mkamburi, wa pili kwa Nyamawi,
kijana fundi wa simu, asiyeamini kitu kabla hajakifungua.
Mimi nafagia. Namshikia ngazi fundi wa paa.
Shingo yangu bado huutafuta ule uzi.

Jumapili iliyopita yule mtoto alinifuata na sarafu yake,
akitaka iandikwe. Nikampeleka kwa Nyamawi.
"Jina?" akauliza Nyamawi, kalamu mkononi,
akanitazama mimi.
Miaka miwili nimeihesabu shilingi ile.
Mtoto akasubiri nijibu, kisha akasema mwenyewe:
Kache.