Ndiyo, Vizuri

Nimeshuka melini Kigoma, miguu bado inayumba,
na simu imewahi kunikaribisha:
Uko nje ya nchi. Kupiga, kwacha kumi na nane kwa dakika.
Nje ya nchi, mimi, niliyezaliwa Gungu,
nyumba ya tatu ukivuka reli,
kitovu changu kikiwa nyuma ya jiko pale.

Likizo, siku kumi na nne.
Bi Mulenga, mkubwa wa jikoni shuleni kwetu Ndola,
alizizungushia wino kwenye kalenda ya kampuni ya unga:
watoto mia tatu hawangoji mtu aliyekwenda kwao.

Siku ya tisa nilimpigia kuomba siku tatu.
Nilisema meli imeharibika.
Nilisemea nyuma ya choo, kwa kunong'ona,
dakika mbili, kwacha thelathini na sita,
uongo wa bei mbaya.

Siku ya kumi na saba nikaomba wiki.
Meli imepona, ila mimi nina homa.
"Mnapokezana kuugua, wewe na meli?"
Nikacheka, na kicheko nacho kikakatwa hela.

Ukweli ulihitaji salio nisilokuwa nalo:

baba hasikii.
Niligundua kwa sufuria. Iliniponyoka nyuma yake,
ikalia sakafuni hadi jirani akaita,
yeye akaendelea kumenya muhogo.
Si leo, wala si mwaka huu. Ile injini aliyoiendesha
Kigoma–Tabora, Tabora–Kigoma, miaka thelathini na mmoja,
ilimla sikio moja kabla hajastaafu,
la pili likafuata kama behewa.
Hakumwambia mtu. Wifi Zabeta alidhani ni kiburi.

Na mimi miaka sita, kila Jumapili baada ya ibada,
nanunua vocha, nampigia,
namweleza mshahara, mvua, mume alivyoondoka na redio,
naye: "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Vizuri."
Na Jumapili ile ya mwezi wa tano
nilipomwambia, Baba, mimba imeharibika,
ilikuwa ya miezi saba, wa kike,
nimempa jina la mama,
"Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Mungu akuzidishie."

Mwaka mzima sikupiga.

Sasa tumekaa magoti kwa magoti,
bakuli la migebuka katikati, mawese yanaganda ukingoni.
Nimemuuliza kwa mdomo mpana na kwa vidole:
Ulikuwa unajibu nini?
Akachukua simu yake ya vitufe,
iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
akaiegemeza shavuni.
"Inapata moto," akasema. "Ukizungumza sana inapata moto, hapa.
Najua Habonimana yupo, na ana mengi.
Mwaka ule ilikaa baridi. Nikasema, basi,
amesikia kwamba simsikii."

Leo asubuhi nimempigia tena Bi Mulenga,
barazani, kwa sauti, sina wa kumficha.
Bibi, meli ni nzima. Mimi mzima.
"Siku ngapi?"
Nina Jumapili zaidi ya mia mbili za kurudia.
Kimya. Kimya nacho, kumi na nane kwa dakika.
"Mifuniko ya masufuria makubwa uliiweka wapi?"
akauliza mwishowe,
na kabla sijajua nimekubaliwa au nimefukuzwa
salio likaisha.

Mchana tumefika mwezi wa tano.
Nimesogeza kigoda. Nimesema neno moja moja,
na macho yake hayakubanduka midomoni mwangu.
Nilipofika kwenye jina, hakusema ndiyo.
Aliweka kiganja shavuni pangu, chenye harufu ya muhogo,
akakiacha hapo
mpaka pakapata moto.