Kisanduku cha Sita

Rubani Toivo hunishusha kwenye changarawe:
mimi, katoni mbili, na printa isiyopenda baridi.
"Saa tisa nakurudia," asema, "ukungu ukiruhusu."
Ukungu huku Alaska ndio mkuu wa wilaya;
sisi wengine tunakaimu.

Cheo changu ni kirefu kuliko kiwanja:
Mratibu wa Elimu ya Watoto Wahamaji.
Shule kumi na moja, barabara hakuna hata moja.
Ruzuku hutoka mbali, imekazwa kwa masharti
kama mzigo wa mtu asiyemwamini mchukuzi.
Nani kahama? Lini? Kalala huko siku ngapi?
Alifuata ujira, au alifuata samaki?
Septemba yote nabisha hodi, nyumba kwa nyumba,
viatu nimevua mlangoni, soksi ina tundu.

Kwa Nastasia Evan kuna chai na biskuti ngumu.
Mjukuu wake Wassily, darasa la nne,
anachora injini ya boti. Haniangalii.
Nasoma swali la kwanza: "Familia ilipohama..."
Bibi anaweka kikombe chini.

"Hatujahama. Kule kambini ni kwetu.
Mama alinizalia kule, kwenye nyasi ndefu.
Hapa kijijini ndipo tulipohamia,
serikali ilipojenga shule ikasema: leteni watoto.
Andika hivyo."

Fomu haina mahali pa kuandika hivyo.
Ina kisanduku cha tano: uvuvi.
Ina cha sita: mengineyo.

"Na mwaka huu, mlilala kambini siku ngapi?"
"Hata moja."
Mwaka wa tatu huu mto umefungwa;
samaki wakubwa walihesabiwa, wakaonekana wachache,
walinzi wakapita na boti wakisoma tangazo.
Banda la moshi linanuka mbao tu.
Mbwa wanakwenda kulinusa, wanarudi.

Kalamu yangu ikabaki hewani,
maana hesabu ya ofisini ni hii:
samaki hakuja, basi familia haikwenda;
haikwenda, basi mtoto si mhamaji;
si mhamaji, basi hana mwalimu wa jioni,
hana begi la vitabu,
hana miwani niliyomwahidi tangu Machi.
Aliyepungukiwa apunguziwe.
Sheria hii sikuitunga,
lakini mkono unaoijaza una pete yangu.

"Tulikwenda kwenye beri," Wassily akasema,
bado akichora. "Agosti. Siku nane.
Hema lilivuja. Nilijaza ndoo tatu,
ya nne dubu akaila, na ndoo yenyewe."

Nikamtazama bibi. Bibi akanitazama.
"Kuchuma beri nako ni kuhama?"
"Kwenye fomu, ndiyo."
Akacheka hadi akashika meza,
akalisema jambo lile kwa Kiyupik, polepole,
kana kwamba analionja, akacheka tena.
Kisha akavuta karatasi, akatia sahihi
kwa herufi za mviringo, safi mno,
herufi za mtoto aliyepigwa rula
kwa kuizungumza lugha aliyokuwa akichekea sasa.

Saa tisa ikapita. Saa kumi. Toivo hakuonekana.
Nikatandika godoro la mazoezi darasani,
chini ya ramani, karibu na hita inayogugumia,
nikaanza ripoti ya robo mwaka:
vitabu vilivyogawiwa, mia mbili na kumi na viwili;
watoto waliofikiwa, thelathini na tisa.
Ndoo hazikuulizwa.

Mlango ukagongwa. Wassily, kofia hadi kwenye nyusi,
mkononi kopo la siagi,
ndani beri zilizopigwa na mafuta na sukari.
"Bibi anasema ule kabla hujalala.
Tena anauliza: wewe ulihama lini?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole:
Dakota, kisha Spokane, kisha talaka, kisha huku.
Mtoto akasimama kungoja,
akatoa penseli sikioni.