Herufi Iliyolala

Alipofika Arua, Aaltje Brandsema
hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa mteja.
Aliitua taipureta mezani pangu, nyuma ya soko,
akasema: Fundi Fadimula, jei imelala.

Imelala kweli. Mkono wake wa chuma
ulikuwa umelika kama kisu cha mchinjaji.
Unaandika nini, mama, kinachokula herufi moja?
Akacheka. Kwetu, akasema, i na jei hutembea pamoja,
mapacha waliofungwa kanga moja.

Nikailehemu. Miezi mitano, ikarudi.
Nikailehemu tena. Miaka sita hivyo hivyo,
malipo mara pesa, mara gurusa
alizofundishwa na jirani yake Zamzamu,
zimeungua upande mmoja.

Kitabu chake sijakisoma. Siwezi.
Kililetwa na mpwa wake mwaka aliokufa,
kizito kama tofali, na nyuma picha yake,
kichwani kitambaa cha Zamzamu.
Kwao, alisema mpwa, wameipa barabara jina lake,
na watoto hufanyia mtihani sentensi zake.
Mimi nilipekua kurasa mia nne
kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele:
Arua. Enyau. Zamzamu.
Zamzamu tena. Ukurasa mzima, Zamzamu.

Nikampelekea. Akaweka kidole juu ya jina lake,
hakukiondoa.
Amesema nini juu yangu?

Mpwa alikuwa ameshaondoka.

Mashine aliniachia mimi.
Jei imelala tena, na safari hii nimeiacha ilale.
Nikipiga njia, karatasi husema nia.
Jiwe huwa iwe.
Jua likichomoza hubaki ua,
na jana yangu, ana...
ana nini, mashine haimalizi.

Juzi mzee Candia karudisha risiti ya tumbaku,
kaikunjua mbele yangu, kaikasirikia:
Magunia kumi ya maani! Maani ndiyo nini, fundi?
Nilitaka kumwambia kwamba chuoni,
kwa Kiarabu cha mwalimu wetu mwenye fimbo,
hizo ni maana, maana nyingi,
na kwamba magunia kumi si haba.
Lakini alikuwa na haraka, na lori linanguruma.
Nikachukua kalamu,
nikaitia jei kwa mkono.