Sindano

Miaka kumi na tisa nilifundisha mbwa wa polisi.
Nikisema keti, hata askari wapya waliketi.
Leo, hapa Kabale, ukungu haujatoka bondeni,
namwambia Sindano keti
naye ananitazama kama karani wa ardhi
aliyeonyeshwa noti ndogo.

Mbavu zake utazihesabu ukiwa barabarani.
Jirani Byarugaba huuliza kila Jumapili:
"Mzee, huyu humlishi?"
Anakula. Chote hukigeuza mbio.

Mara moja nilimfokea, kwa sauti ya kazini.
Hakubweka, hakukimbia.
Alijikunja nyuma ya gunia la viazi
akatetemeka mpaka jioni,
chai yangu ikapoa mkononi.

Basi nikajifunza mimi.
Kunong'ona. Kipande cha ini, kidogo kama ukucha.
Dakika tano tu; ya sita anaangalia ndege.
Sasa anakaa, anangoja, anakuja akiitwa,
ila sungura akikatiza matuta ya mtama
hapo jina lake si lake tena,
na mimi ni mzee anayekipigia kelele kilima.

Hurudi mwenyewe. Ulimi nje, bila sungura, bila aibu.

Usiku mwizi akija atampisha, najua.
Lakini baridi ikishuka huinua blanketi kwa pua,
huingia taratibu, huegemeza mgongo wake wa mifupa
kwenye goti langu bovu,
goti lile lile nililovunja
nikimfuata mbwa mtiifu.