Mkwaju Ishirini na Nne

Jumanne, Dumfries, mvua ya tangu jana.
Nimeitwa nyumba ya wazee kando ya mto Nith,
chini kabisa, chumba cha boila,
ambako seva imekalishwa juu ya kreti la maziwa
inapumua vumbi.
Barua zinaingia, wanasema. Kutoka, hakuna.

Kila mashine, kabla ya kutuma, hupiga hodi.
Ndivyo ilivyotungwa, sipambi:
hutaja jina lake, husubiri kuitikiwa,
ndipo iseme barua yatoka kwa nani, yaenda kwa nani.
Na seva hii, adabu tele, iliitika karibu,
ikasikiliza hadi mwisho,
kisha ikajibu: mia tano hamsini na nne.
Sipitishi. Sikujui.

Kwa watu wa humo humo!
Kwa muuguzi Ailsa, anayeagiza dawa tangu Ijumaa;
kwa jiko na oda yake ya viazi;
kwa mzee Gilchrist wa chumba cha tisa
anayemwandikia bintiye Saskatoon kwa kidole kimoja,
herufi, pumziko, herufi,
na barua zake nne zimekwama kwenye kikasha cha kutoka
kama watu waliokwisha kuvaa makoti, mlango haufunguki.
Mcheza kwao hutunzwa, nilifunzwa.
Hapa mcheza kwao kafungiwa ndani.

Bwana Drummond, meneja, akachungulia na kikombe chake:
"Si ufungue tu, wapite wote?"
Nikamwambia, nikiandika sifuri tupu
dunia itajua kabla hujamaliza chai.
Watakuja wauza vidonge, warithi wa mabilioni hewa,
wampakie punda wako mizigo yao usiku kucha,
na asubuhi kila posta itakuwa imeliandika jina lako
kwenye orodha ya wasiopokelewa.
Akanywa. Akasema, basi, basi.

Nikafungua faili. Mistari mia sita na ushei,
mingi ni maelezo yasiyosomwa na mtu.
Nikaupata ule unaotaja nani ni wa nyumbani.
Aliyenitangulia, Callum, siku hizi yuko Leeds,
aliandika anwani vizuri, nukta kwa nukta,
mia na tisini na mbili, mia na sitini na nane,
nne, moja,
halafu mkwaju, halafu thelathini na mbili.

Mkwaju wa alama, ule mstari ulioinama, si mti.
Ulimi wangu hata hivyo ulihisi ukwaju.

Thelathini na mbili ni anwani moja peke yake.
Seva ilikuwa inajijua yenyewe tu,
inajipigia hodi, inajikaribisha,
miezi miwili.

Moja nikaifanya sifuri.
Thelathini na mbili nikaifanya ishirini na nne,
safu nzima, anwani mia mbili hamsini na sita.
Mkono ukasita kidogo kabla ya kuhifadhi.
Niliwahi kusimama mbele ya kioo, Croydon, na namba tisini mkononi,
na kijana wa upande wa pili akaisoma anwani yangu mara tatu
kana kwamba ina nukta iliyozidi.
Nikahifadhi. Nikaiamuru isome upya.

Chumba cha tisa, Gilchrist hakutaka nimbonyezee.
Akabonyeza mwenyewe.
Hodi. Karibu. Kutoka kwa nani. Kwenda kwa nani.
Mia mbili hamsini.
"Imekwenda?"
Imekwenda.
"Zote nne?"
Zote nne, kwa mfuatano.
Akafikiri. "Ya pili nilikuwa nimekasirika," akasema.
Sikuwa na amri ya kuirudisha.

Jiko bado. Kuna mtu aliliunganisha na mtandao wa wageni,
tano badala ya nne, na kwa tano sijaandika kitu.
Mpishi ameshapiga simu kuhusu viazi.
Nitarudi Alhamisi.